Mechi ya usiku ituonyeshwe mchana



Kombe la Afrika lilikwisha kule Côte d'Ivoire tarehe 11 ya mwezi wa pili mwaka 2024. Wenyeji wamelibeba kwa kuifunga Nigeria 2-1. Chui wetu wamerudi na nafasi ya nne. Wengine wanawasifu, wengine wanamlaumu kocha Desabre, na kila motari wa Goma sasa ni fundi wa mpira. Mimi leo sitaki kuzungumza juu ya kocha. Nataka kuzungumza juu ya saa.

Mechi yetu na Misri, na Guinea, na Côte d'Ivoire, zote tatu zilianza saa mbili za usiku kwa saa ya Abidjan. Kwetu Goma hiyo ni saa nne za usiku. Kwa mtu wa mjini mwenye televizyo na umeme, saa nne si kitu: unafunga mlango, unaketi. Kwa mtu wa kambini ni habari nyingine kabisa. Sine, yaani nyumba ya kuonyesha mpira, iko mbali na bloki yake. Giza likiingia motari wengi hawakubali kupanda barabara ya kambi. Na mechi ikiisha, ni saa sita, ni wewe na giza, na watu wenye bunduki ambao hujui ni wa nani.

Siku ya Mungu tarehe 28 ya mwezi wa kwanza, usiku wa Misri, vijana wawili wa bloki moja ninayoitembelea kwa kazi walitoka kwenda kuangalia. Walirudi bila simu, mumoja akiwa na jeraha kichwani. Mama yake aliniambia asubuhi: "Mwanangu, vita tulivikimbia Masisi. Sasa mpira nao utaniulia mtoto?" Sikuwa na jibu. Hilo ndilo lililonifanya niandike maneno haya.

Wazo langu ni moja. Mechi ya usiku irekodiwe, ionyeshwe mchana, karibu na watu, na sisi wa redio tusiwaharibie. Ninajua wengi watacheka. Watasema mpira ni wa papo kwa hapo, ukijua matokeo ni kama kula fufu iliyolala. Nami nilikuwa nikisema hivyo. Niliyoyaona kambini yamenigeuza.

Kesho yake ya Misri, siku ya kwanza saa tisa mchana, mwenye sine mumoja ambaye ni rafiki yangu alileta televizyo yake kambini juu ya pikipiki, pamoja na batri ya gari na kifaa cha kugeuza umeme. Dekoda yake ina diski ndani ya kurekodi. Usiku alikuwa amebonyeza kurekodi kwa kufuata saa za ratiba: kuanzia saa nne kamili mpaka saa sita na robo. Aliifunga televizyo chini ya hangari na watu wakaketi chini. Wengi wao matokeo waliyajua, kwa sababu mimi mwenyewe niliyasoma kwenye habari za saa kumi na mbili asubuhi. Waliketi hata hivyo. Meschack Elia alipofunga dakika ya 37, kelele zilifika mpaka kwenye bomba la maji. Misri waliposawazisha kwa penalti kabla ya mapumziko, nilimwona papa mumoja akishika kichwa kama vile hakujua kwamba tutashinda.

Tukaingia dakika za nyongeza. Mumisri akapewa kadi nyekundu. Muda mfupi baadaye, giza. Diski ilikuwa imefika saa sita na robo ikajifunga. Penalti hazikuwamo.

Munaweza kufikiri zile kelele. Rafiki yangu alitaka kukimbia na televizyo yake. Ndipo mzee mumoja wa Masisi akanigeukia: "Mwandishi, si wewe ulitusomea matokeo asubuhi? Basi simama utusomee na penalti." Nikasimama. Nikawapigia penalti kwa mdomo, moja baada ya nyingine, mpaka kipa wa Misri alipogonga mwamba na kipa wetu Lionel Mpasi akaweka mpira chini, akafunga, 8-7. Walipiga makofi. Lakini siwadanganyi: mdomo wangu si sawa na macho yao. Watoto walitaka kumwona Mpasi.

Hapo nikajifunza jambo la kwanza. Mechi si filamu. Filamu ina mwisho unaojulikana, lakini mechi ya mtoano inaweza kuongeza dakika 30 na penalti juu yake. Anayerekodi kwa kufuata ratiba atakosa mwisho, na mwisho ndio wenyewe. Kwa hiyo yeyote anayerekodi aongeze saa nzima nyuma. Na mbele aongeze angalau nusu saa. Sababu ya hiyo nusu saa nitaieleza.

Kwanza niseme juu ya wale wanaotuambia kwamba siku hizi hakuna haja ya diski, kila kitu kiko kwenye intaneti. Nina shemeji aliyepelekwa Marekani kama mkimbizi, baada ya miaka mingi katika kambi ya Uganda. Kule anafanya kazi za usiku, na mipira anairekodi kwenye huduma ya intaneti. Ananieleza kwamba YouTube TV, kwa mfano, inamtunzia alichorekodi kwa miezi 9, bila kuhesabu kimejaza nafasi kiasi gani. Ni jambo zuri. Lakini sikilizeni vizuri: ile rekodi haikai kwake. Inakaa kwenye mashine za kampuni. Akiacha kulipa, hana kitu. Akitaka kunionyesha mimi huku Goma, haiwezekani, kwa sababu huduma ile ni ya watu walio Marekani. Na kila mara akitaka kuangalia, intaneti inafanya kazi upya tangu mwanzo. Sisi ambao tunanunua mega kwa kuhesabu, mechi moja ya saa mbili inaweza kumeza feza ya unga wa siku mbili. Kurekodi kwa namna hiyo kunamfaa mtu aliyekosa nafasi ya kuangalia. Aliyekosa umeme na mega hakumsaidii chochote.

Kwa hiyo kwetu, diski ya mwenye sine, batri ya gari na hangari bado ndiyo njia. Rekodi iliyo ndani ya diski haiombi mega. Mtu mumoja analipa mara moja, watu 200 wanaona.

Sasa ile nusu saa ya mbele. Siku ya tatu, tarehe 7 ya mwezi wa pili, tulicheza nusu fainali na Côte d'Ivoire katika kiwanja cha Ebimpé. Rafiki yangu, baada ya aibu ya Misri, alianza kurekodi saa tatu na nusu na kumaliza saa saba. Ile ile siku, watu wa Sake walikuwa wanashuka barabarani kuja Goma, na magodoro, na mbuzi, na watoto mgongoni. Usiku ule kambini hakuna aliyefikiri mpira. Walikuwa wanatafuta pa kulaza watoto.

Kesho yake alasiri tulionyesha. Katika hangari walikuwamo watu wa zamani na watu wa Sake waliofika jana yake. Kwa sababu tulianza mapema, wimbo wa taifa ulikuwamo. Na wakati wa wimbo, munajua kilichotokea: wachezaji wetu wote walifunika mdomo kwa mkono mumoja, na kwa mkono mwingine wakaweka vidole viwili kichwani kama bunduki. Dunia nzima iliona picha ile. Magazeti ya Ulaya yaliiandika. Lakini watu ambao ishara ile ilifanywa kwa ajili yao, wanaouawa na kunyamaziwa, walikuwa gizani bila skrini. Waliiona kwa mara ya kwanza saa kumi na saba baadaye, pale chini ya hangari.

Hakuna aliyepiga kelele. Mama mumoja wa Sake, mwenye mtoto mgongoni, alisema: "Rudisha." Rafiki yangu akarudisha. Akasema tena: "Rudisha." Mara tatu. Kisha akasema: "Kumbe wanatujua." Akaketi.

Sébastien Haller alitufunga dakika ya 65, tukatolewa 1-0. Nusu ya watu hawakuona hata bao, walikuwa bado wanazungumza juu ya ishara. Yule mama angeweza kusikia habari hiyo kutoka kwangu redioni. Nilikuwa nimeisoma asubuhi. Lakini mtu hawezi kuiambia redio "rudisha".

Wazee wetu wanajua uzito wa picha iliyotunzwa. Mwaka 1974 Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, kule Ujerumani Magharibi, na mwaka huo huo ilikuwa imetoka kubeba Kombe la Afrika. Dunia imetunza nini? Imetunza sekunde chache za Mwepu Ilunga akitoka kwenye ukuta na kuupiga mpira mbali kabla ya Mubrazili kupiga frii-kiki yake. Miaka 50 watu wanacheka. Wenye kutunza picha ndio waliochagua tukumbukwe kwa lipi. Safari hii picha ya kukumbukwa ni ile ya vidole kichwani, na ninataka watoto wa kambini wakue wakiwa wameiona kwa macho yao, na mechi nzima nyuma yake, na penalti ya Mpasi pia.

Kuna watakaouliza: watu hawana chakula, hawana choo, wewe unawaletea mpira? Ni swali la haki. Mpira haujazi sufuria, na mtu asitumie televizyo kama kisingizio cha kutoleta unga. Lakini munipe jibu juu ya yule kijana mwenye jeraha. Atatoka tena usiku mechi nyingine, kwa sababu ni kijana. Akijua kwamba kesho saa tisa itaonyeshwa karibu na hema lake, atakuwa na sababu ya kubaki. Si wote watabaki. Hata wakibaki nusu, ni faida.

Kuna pia jambo la sheria ambalo sitalificha. Abonema ya nyumbani haikumpa mtu ruhusa ya kuuza tiketi. Rafiki yangu kambini hakuchukua hata franka moja, na ninamsihi aendelee hivyo. Ila kutotoza feza hakutoshi kuwa ruhusa. Kwa hiyo ninawaomba wenye haki za kuonyesha mechi za timu ya taifa, na televizyo ya taifa: tupeni ruhusa ya maandishi kwa ajili ya kambi, na rudieni mechi za Chui mchana wa kesho yake, nzima, kuanzia wimbo wa taifa. Kurudia ni kazi ya kubonyeza tu.

Nimalizie na sisi wenyewe wa redio. Mimi ndimi niliyesoma 8-7 saa kumi na mbili asubuhi bila kuuliza nani alikuwa anasubiri. Habari ni habari, siwezi kuificha, na wengi wanaihitaji ile asubuhi. Lakini ninaweza kusema kwanza: "Wewe unayesubiri kuangalia mechi leo mchana, punguza sauti hesabu mpaka thelathini." Nimelipeleka wazo hilo kwa mkubwa wetu wa habari. Alicheka, kisha akakubali tujaribu.

Mwezi wa sita mwaka 2024 Chui waliendelea kutafuta tiketi ya Kombe la Dunia la 2026, lililopangwa kuchezwa Marekani, Kanada na Meksiko. Kule mechi ya saa tatu za usiku New York, kwetu ni saa tisa za usiku. Hata mwenye televizyo nyumbani analala. Kwa mechi za saa hizo wote tunakuwa watu wa kuangalia kesho yake, wa mjini na wa kambini sawa. Afadhali tujifunze sasa.

Wenye sine mulio na diski, nipigieni redioni tupange. Ongezeni saa nyuma, nusu saa mbele. Na ninyi vijana, usiku mubaki.