Usimhoji mtoto, mpe neno

Mama mmoja alinifuata baada ya kikao cha wazazi, amemshika mkono mwanawe wa miaka miwili na nusu. "Hasemi," akaniambia. "Nikimuuliza hii nini, ananyamaza. Akitaka kitu ananivuta, nisipomwelewa anajitupa chini. Wengine wanasema akatwe udata, wengine wanasema nisubiri, hata baba yake alichelewa."

Mzazi mwenzangu, hilo la kusubiri tuliweke kando. Mtoto wa miaka miwili kwa kawaida ana maneno kama 50 na ameanza kuunganisha mawili, mfano "mama njoo". Wako akiwa mbali na hapo, mpeleke hospitali, na aanze kupimwa masikio. Mtoto anaweza kugeuka mlango ukigongwa na bado asisikie maneno vizuri. Udata nao, hata ukiwepo, unaweza kusumbua matamshi, lakini haumzuii mtoto kujua majina ya vitu.

Wakati unafuatilia hospitali, nyumbani pana kazi ya kufanya. Nilimuuliza yule mama kwa siku anasema "hii nini?" mara ngapi. Akacheka. Swali hilo ni mtihani, na asiyelijua neno hana cha kujibu. Anachohitaji ni kulisikia neno pale anapokitaka kitu chenyewe.

Chagua vitu vitano anavyotumia kila siku: maji, kikombe, kijiko, kiatu, ndizi. Akitaka maji, chuchumaa mtazamane, mwonyeshe, sema "maji". Kisha nyamaza, hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akitoa sauti yoyote au akinyoosha kidole, mpe huku ukirudia, "Maji. Maji haya." Asiposema kitu, mpe vilevile. Usimnyime mtoto maji au chakula ili aseme; atajifunza kulia tu.

Baada ya siku chache, mpe nafasi ya kuchagua. Shika vyote viwili umuulize, "Ndizi au uji?"

Neno likianza kutoka, usitegemee litoke zima. Watoto wengi hushika sehemu ya mwisho, hivyo kijiko kinaweza kuwa "jiko". Msimcheke, wala usimwambie amekosea. Mpe kijiko chake, sema, "Ndiyo, kijiko." Vilevile mwonyeshe kiatu chake, kiatu cha baba na kiatu cha dada, ili ajue jina hilo si la kitu kimoja tu.

Kubalianeni nyumba nzima. Wewe ukisema "kiatu", bibi "ndala" na dada wa kazi "sendozi", mtoto anayehangaika na neno moja amepewa matatu. Simu na televisheni zizimwe wakati wa kula na kuoga, maana hapo ndipo vitu hivyo vipo mikononi.

Kabla hatujaagana, nilimwomba yule mama jambo moja: wiki hiyohiyo ampeleke mtoto kupimwa masikio. Mtoto alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye chupa ya maji iliyokuwa mezani. Mama akaichukua, akaanza, "Hii ni..." Akasita.

"Maji," akasema, akasubiri.