Likidatere si mwenye parseli

Ndugu wakaaji wa Katanika, mama wajane, vijana wenzetu wa Kalemie,

Mutu akifa kwetu, vita ya parseli inaanza mbele matanga haijaisha. Watu bado wanalala inje, baba mudogo anatoa karatasi mu mfuko: "Shemeji, tia sahihi hapa, ni ya kufuata mambo ku tribinali." Mama analia, Kifaransa hasomi, anatia sahihi. Kisha miezi kidogo mutu asiyemujua anagonga mlango: "Nilinunua hapa. Mutatoka lini?"

Ile karatasi ni PV ya baraza la jamaa. Ndani yake jamaa wanataja likidatere, ni kusema mutu wa kusimamia mali ya marehemu, na tribinali inamuthibitisha. Hapo ndipo wizi unapita. Baba mudogo anarudi na hukumu yenye muhuri, anaionyesha kartiye yote kama vile ni hati ya nyumba. Hapana! Kazi ya likidatere ni kuhesabu mali, kulipa madeni, kumupa kila mrithi fungu lake na kutoa hesabu. Ni mutumishi wa warithi, hata kama yeye mwenyewe ni mumoja wao.

Na mafungu yanajulikana. Sheria ya familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inasema hivi pale marehemu hakuacha wasia: watoto wanapata robo tatu, sawasawa, binti kama kijana, hata yule aliyezaliwa inje ya ndoa kama baba alimutambua. Robo inayobaki inagawanywa kwa makundi matatu: mume au mke aliyebaki, wazazi wa marehemu, ndugu zake. Kila kundi moja ya 12. Baba mudogo na mashangazi wote pamoja, basi, ni hiyo moja ya 12. Na mjane ana haki ya kukaa mu nyumba walimoishi na bwana yake, na kutumia vyombo vyake. Tena, kama siku ya ndoa hawakuchagua utaratibu mwingine, vile walitafuta pamoja nusu ni yake mbele ya kugawa kitu chochote.

Wazee watasema: "Hiyo ni sheria ya Wazungu, sisi tuko na desturi." Sawa, tuongee desturi. Kwa Watabwa mali inafuata upande wa mama, kwa Waluba upande wa baba. Lakini pande zote mbili, mwenye kurithi alirithi pia mzigo: kulisha yatima, kuwasomesha, kumuchunga mjane. Nyinyi mulichukua mabati, mukaacha mzigo. Hiyo si desturi ya babu yeyote.

Lakini baba mudogo hafanye peke yake. Serikali inamusaidia kwa kunyamaza. Katiba, kifungu cha 142, inalazimisha serikali kusambaza kila sheria kwa Kifaransa na kwa lugha zote ine za taifa mu siku 60 tangu kutangazwa. Sheria ya 2016 ilipaswa kutufikia kwa Kiswahili mbele ya katikati ya Septemba 2016. Katanika, nani aliishika mukononi? Na wale waliokimbia vita ya 2016 na 2017 kule vijijini, wakazika watu wao njiani bila karatasi ya kifo, nani aliwaambia kama tribinali inaweza kutoa hukumu ya kuchukua nafasi ya ile karatasi?

Kwa hiyo tunadai:

1. Kila ofisi inayopokea dosie za urithi, tangu komini mpaka tribinali, ibandike ku mlango orodha ya makaratasi na bei ya kila moja, kwa Kiswahili. Kila franka itoke na risiti. Kisicho na risiti ni matabishi.

2. Mbele ya kuthibitisha likidatere, jiji amwite mjane na watoto wakubwa, awasomee PV kwa lugha wanayosikia, awaulize kama walikubali.

3. Shefu wa kartiye asishuhudie uuzishaji wa parseli ya marehemu kama warithi wote hawako pale.

Nanyi wazazi: andikisheni ndoa yenu ku eta-sivili mungali wazima. Mjane bila akti ya ndoa anaanza kesi na mikono mitupu. Watambueni watoto wenu wote. Na ku matanga, musitie sahihi kitu. Marehemu hana haraka. Mwenye haraka ni ule anayetaka kuuzisha.

Sisi vijana tuko na diplome, kazi hatuna. Basi karatasi yoyote ya urithi mutakayopewa, muilete kwetu mbele ya kutia sahihi. Tutaisoma na kuifasiria bure, mbele ya watu wote.

Yatima hawatalala inje tena kwa sababu ya karatasi ambayo mama yao hakuisoma.