KIWANDA KIKIFUNGWA, MBONA KODI YA CHUMBA HAISHUKI?



Liko neno tunalolisikia mara kwa mara hapa Athi River, na hata watu wenye elimu hulisema: ati kazi zikipungua watu watahama, na watu wakihama vyumba vitakuwa rahisi. Sisi ndio tunaokaa katika vyumba hivyo, nasi twasema sivyo.

Tutazame kwanza mambo yalivyokwenda. Kenya Meat Commission ilianzishwa mwaka 1950, ikasimama mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikafunguliwa tena 2006, na 2020 ikatiwa mikononi mwa Wizara ya Ulinzi. Kampuni ya saruji ya ARM iliwekwa chini ya wasimamizi wa madeni Agosti 2018, na mwaka uliofuata mali yake ikauzwa kwa kampuni nyingine ya saruji. East African Portland Cement, iliyoanza 1933, ilitangaza mwaka 2019 kwamba itawaachisha kazi watu wake wote, 800 hivi, na anayetaka aombe kazi upya kwa mshahara mdogo. Hatusemi kila kitu kimekufa. Viko viwanda vipya, na moshi ungalipo. Lakini kazi ya kudumu, yenye mkataba na malipo ya uzeeni, imekuwa adimu, na mahali pake imekuja kazi ya kibarua cha siku.

Sasa, Kaunti yapata wapi fedha? Wengi wetu twadhani kodi inayokatwa katika mshahara huenda Machakos. La. Hiyo huenda kwa Serikali Kuu. Katiba ya 2010 yaipa Kaunti kodi ya ardhi na majengo, kodi ya michezo na burudani, na ada za huduma kama leseni za biashara na maegesho ya magari. Zaidi ya hayo hungojea mgao wa Serikali Kuu, ambao kwa kaunti zote 47 usipungue asilimia 15 ya mapato ya nchi. Basi kiwanda kinapofungwa, Kaunti yapoteza leseni ya kiwanda. Kodi ya ardhi yabaki deni katika vitabu, maana mwenye kufilisika hulipa nani? Kisha yafuata leseni za wale waliotutegemea sisi: mwenye hoteli ya chai langoni, kinyozi, fundi wa baiskeli, mama wa genge. Wao hawakutajwa katika gazeti lolote siku kiwanda kilipofungwa, wala hawakulipwa kitu.

Hapo ndipo Kaunti huwageukia waliobaki. Ada ya kibanda hupandishwa, na askari wa Kaunti huzunguka asubuhi wakitazama risiti. Mwenye nyumba naye akiongezewa ada hailipi yeye. Huiongeza juu ya kodi ya chumba, na sisi ndio twalipa. Lugha yetu imesema kweli bila kukusudia ilipoita vyote viwili kodi.

Lakini kwa nini chumba hakishuki bei? Sababu ni Nairobi. Stesheni ya Syokimau ilifunguliwa 2012, reli mpya ikafika 2017, na barabara ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands ikafunguliwa 2022. Mtu mwenye kazi ya ofisi mjini aona afadhali kukaa huku kwetu. Hatumlaumu, naye ni mfanya kazi, amefukuzwa na kodi za mjini. Ila bei ya ardhi hapa sasa hufuata mshahara wa Nairobi, na sisi twalipwa mshahara wa Athi River. Tena Oktoba 2023, baada ya uamuzi wa mahakama, nyumba nyingi zilibomolewa katika ardhi ya Portland. Waliokuwa na nyumba zao wakawa wapangaji kwa siku moja, wakaja kutafuta vyumba vile vile tunavyovitafuta sisi.

Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka tajiri ampe mfanya kazi nyumba ya kufaa, au fedha za kutosha kupanga nyumba. Amri za mishahara zimeweka asilimia 15 ya mshahara wa chini. Mtu wa Sh. 18,000 apata Sh. 2,700. Kila msomaji na aweke hesabu hiyo kando ya kodi anayolipa mwezi huu, aone kama hizo ni "fedha za kutosha". Na sheria ya kuzuia kodi za nyumba, ambayo wazee wetu waliitegemea, iliwekewa mpaka wa kodi ya Sh. 2,500 kwa mwezi. Mwenye kulipa zaidi ya hapo hana pa kwenda.

Kisha yako makato ya nyumba, asilimia 1.5 ya mshahara kwetu na kiasi hicho hicho kwa tajiri. Mahakama Kuu iliyakataa Novemba 2023; sheria mpya ya Machi 2024 ikayarudisha. Sheria hiyo yataja nyumba za jamii kwa mwenye kupata chini ya Sh. 20,000. Vizuri. Lakini nyumba ya kununua kwa miaka mingi yamfaa nini mtu asiyejua kama Jumatatu ataitwa kazini? Sisi twataka nyumba za kupanga, zenye maji ya bomba, karibu na kazi, kwa kodi inayofuata mshahara wa hapa.

Na Kaunti ikitaka fedha, isianzie kwa mama wa genge. Viko viwanja vikubwa vilivyokaa na nyasi miaka nenda miaka rudi, wenyewe wakingoja bei ipande. Vipimwe thamani yake ya leo, vitozwe.

Kila mwaka Kaunti huleta Mswada wa Fedha, ambamo ada hizi zote hupangwa, na yapaswa kuwasikiliza wananchi kabla ya kuupitisha. Katika mikutano hiyo wenye viwanja huonekana, sisi hatuonekani. Kila tawi lichague watu wawili wa kuhudhuria, mmoja wao awe mama, nao wachukue risiti za kodi za wenzao na karatasi za mishahara, wakazisome mbele ya mkutano.