Joto si virusi: mafundi, acheni kufomati ovyo!

Leo nimekasirika na sitaomba radhi. Hapa Nairobi mafundi wengi wa kompyuta wana dawa moja tu. Kompyuta ya mezani ikizima yenyewe, fomati. Ikizima tena, "ni virusi", fomati tena. Mara ya tatu, "bodi imekufa, nunua nyingine". Kasha halijafunguliwa, hakuna kilichopimwa!

Jirani yangu mwalimu alilipa mara mbili kwa tatizo lile lile, akapoteza alama za wanafunzi za mihula miwili na picha za mazishi ya babake. Hizo hazirudi. Mashine ilipofika kwangu nikaingia BIOS, nikaiacha hapo. Ikazima. Sasa jamani, ukiwa ndani ya BIOS, Windows haijaanza hata kidogo. Ni virusi gani hivyo?

Ukurasa wa BIOS unaoonyesha hali ya mashine ulikuwa na jibu: prosesa ilipanda kutoka nyuzi 60 hadi kupita 90. Nikafungua kasha. Vumbi jekundu lilikuwa limeziba mapezi ya alumini yote, na pini moja ya plastiki kati ya nne zinazoshikilia feni ilikuwa imeachia. Intel ilileta pini hizo na soketi ya LGA 775 mwaka 2004, na zinajulikana kwa kuachia zisipobanwa vizuri.

Prosesa haizimi kwa ukorofi. Ikipata joto hupunguza kasi kwanza. Joto likizidi mpaka, hukata umeme ili isiungue. Mwaka 2001 Tom's Hardware waling'oa kipoza joto mashine zikiwa zinafanya kazi: Pentium 4 ilipunguza mwendo ikaendelea, AMD Athlon ikaungua. Siku hizi prosesa za kampuni zote mbili zina kinga hiyo. Kwa hivyo kuzima ni ujumbe. Wewe unaujibu kwa kufuta diski!

Fundi atasema, "Lakini nikifomati hufanya kazi." Ndiyo, siku mbili tatu. Windows mpya haina mizigo mingi ya kuchosha prosesa, na dukani mashine hukaa mezani penye hewa. Nyumbani imesukumwa ndani ya kabati la dawati, juu imefunikwa kitambaa cha kufuma. (Akina mama, nawaheshimu, lakini toeni hicho kitambaa!)

Sisemi kila kuzima ni joto. Nyuzi zikiwa 45 na bado inazima, shuku pawasaplai. Lakini utajuaje kama hukupima? Core Temp ni ya bure, na wa Linux mna lm-sensors.

Dawa yenyewe haihitaji digrii. Chomoa umeme. Toa mashine nje, safisha mapezi kwa brashi laini au blowa, ukishika feni isizunguke. Kama grisi iliyo kati ya prosesa na kipoza joto imekauka, ifute, paka mpya kiasi cha punje ya mbaazi, si nusu ya bomba! Bana pini zote nne hadi zilie. Ya mwalimu ilishuka hadi nyuzi 48 na haijazima tena.

Na nyinyi wateja, hilo kasha si "CPU". CPU ni prosesa, kidude kidogo kama biskuti. Ukimwambia fundi mbaya "CPU imekufa", umemruhusu akuuzie kasha zima.

Mafundi mnaosoma hapa, nitukaneni mkitaka. Wengine wote, kabla ya kutoa hata shilingi moja ulizeni swali hili: "Prosesa ilikuwa nyuzi ngapi?" Asiye na jibu hajapima. Chukua mashine yako, uende.