Kupatwa kwa Jua: Askari wa Mpakani Ajiandae

Jumatatu, tarehe 2 Agosti 2027, jua litapatwa. Kivuli kizima cha mwezi kitapita Afrika ya Kaskazini na Bara Arabu hadi pembe ya Somalia, na karibu na Luxor, nchini Misri, jua litafichika kabisa kwa zaidi ya dakika 6. Sisi wa Nabuyoga na Tororo, pamoja na ndugu zetu wa Busia pande zote mbili za mpaka, tutaliona limemegwa sehemu tu.

Wapo watakaosema kwamba lililo dogo halina hatari. Sisi twaona kinyume chake.

Kwanza tuelewe chanzo. Upana wa jua ni mara 400 hivi ya upana wa mwezi, lakini jua liko mbali nasi mara 400 hivi kuliko mwezi. Kwa hiyo mwezi ukipita katikati huweza kulifunika barabara. Jambo hili halitokei kila mwezi kwa sababu njia ya mwezi imeinama kiasi cha nyuzi 5, na mara nyingi kivuli chake huikosa dunia. Hesabu hizo hujulikana miaka mingi kabla. Basi anayeeneza uvumi wa maafa ajibiwe kwa hesabu, si kwa kirungu.

Hatari iko kwenye macho. Jua lilipofunikwa kabisa huko Pakwach tarehe 3 Novemba 2013, zilikuwapo sekunde chache za kulitazama salama kwa macho matupu. Nabuyoga haitapata hata sekunde moja ya namna hiyo. Kipande kitakachobaki kitaunguza sehemu ya ndani ya jicho, ambayo haihisi maumivu. Majeruhi hutambua baadaye. Askari wa namna hiyo hawezi tena kulenga shabaha wala kusoma hati za msafiri.

Kioo cha moshi, filamu ya eksirei na maji ya beseni si kinga. Toboa tundu dogo katika karatasi ngumu, lipe jua mgongo, kisha tazama umbo lake juu ya karatasi nyingine. Hata chini ya mwembe, mianya ya majani itatandaza hilali ndogo ndogo ardhini.

Wakuu wa vituo hawana budi kulitoa somo hili kwenye gwaride mapema. Siku hiyo raia atamtazama askari kwanza. Akimwona ameinua uso, naye atainua wake.