Mkondo wa Atlantiki ukidhoofika
Wanaodai barafu ya Greenland ikiyeyuka dunia nzima itapoa wanakosea. Wanaoibeza hofu kwamba maji ya barafu hiyo yataudhoofisha mkondo wa Atlantiki wanakosea zaidi. Miaka 8,200 hivi iliyopita, ziwa kubwa la barafu iliyoyeyuka Amerika Kaskazini lilimwagika baharini. Maji yake yasiyo na chumvi, mepesi, yalizuia maji ya juu kuzama. Mkondo wa Atlantiki, unaoendeshwa na kuzama huko na kupeleka joto Ulaya, ukadhoofika, nayo Ulaya ikapoa kwa zaidi ya karne. Lakini mkondo huhamisha joto tu, hauzalishi. Ungedhoofika leo, kaboni ingeendelea kuipasha dunia hata Ulaya ikitetemeka, na mikanda ya mvua ya tropiki ingehama. Oktoba 2024 wanasayansi 44 waliwaonya mawaziri wa nchi za Nordiki kuhusu hatari hiyo. Serikali zipunguze moshi sasa, na vipimo vinavyoufuatilia mkondo huo tangu 2004 visinyimwe fedha.