Ilani ya Mawimbi Huria

Ndugu wa mawimbi! Ninyi mlioko Mombasa na Kigoma, Kampala na Lubumbashi, Bujumbura, Kigali, Unguja na Muscat. Ninyi ambao ishara zenu za wito huanza na 5H, 5Z, 5X, 9Q, 9U, 9X na A4. Nanyi vijana ambao leseni hamjapata, ila mmekwisha kuifungua redio ya nyumbani mkitafuta sauti inakotoka: zama mpya zimefika. Zama za sanduku lililopigwa lakiri zimepita. Hatukukusanyika kubishana nazo. Tumekusanyika kutangaza kinachozifuata.

Tunaamini kwamba redio imekuwa programu. Kazi ya koili, fuwele na kapasita za kuzungushwa kwa mkono sasa inafanywa na hesabu. Wimbi linaingia kwenye antena, kigeuzi kinalikata kuwa tarakimu mamilioni kila sekunde, na yaliyobaki ni ya kompyuta: kuchuja, kutenganisha, kulichomoa neno ndani ya kelele. Mwaka 2012 habari ilienea kwamba kidude cha kuchomeka kwenye kompyuta ili kutazama televisheni, chenye chipu ya RTL2832U, kinaweza kumwaga tarakimu ghafi za mawimbi yenyewe. Kidude cha chini ya dola 50 kikawa kipokezi cha ishara za ndege, meli, satelaiti na redio za ridhaa. Hakuna kiwanda kilichokusudia hayo. Waliyafanya watu waliokataa kuambiwa kifaa chao ni cha kazi gani.

Tunakataa siri ndani ya sauti zetu. Redio za mkononi za kidijitali tunazouziwa, ziwe za D-STAR, DMR au System Fusion, hupitisha sauti ya binadamu kwenye visimbaji, yaani vibana sauti, vya ukoo mmoja, AMBE, ambao undani wake ni mali ya kampuni moja. Na pamoja na undugu huo, redio hizo zenyewe kwa zenyewe hazisikilizani! Kanuni za Redio za ITU, shirika la mawasiliano la kimataifa, zinataka mawasiliano ya redio za ridhaa kati ya nchi na nchi yasifichwe maana. Hatusemi kisimbaji hicho kinavunja kanuni, maana mwenye kununua chipu atasikia. Tunasema kinaheshimu maandishi ya kanuni na kuupa kisogo moyo wake. Ridhaa hii ilizaliwa ili mtu aweze kuunda kwa mikono yake kila kiungo cha mtambo anaozungumzia. Mwenye redio asiyeruhusiwa kujua sauti yake inafanywa nini humo ndani ni mpangaji katika nyumba aliyoilipia mwenyewe.

Tunaamini kwamba mlango umekwisha kufunguliwa. David Rowe wa Australia aliandika Codec 2, kisimbaji kinachobana usemi hadi biti 700 kwa sekunde, akaweka msimbo wake wazi asomaye asome, abadiliye abadili. Juu yake ikajengwa FreeDV, mfumo wa kusemezana kidijitali kwenye mawimbi mafupi ya HF. Mwaka 2019 huko Poland, Wojciech Kaczmarski alianzisha M17, kiwango kamili cha redio ya kidijitali kisicho na chumba cha siri hata kimoja. Jina hilo limetoka kwenye anwani ya karakana ya vijana wa kompyuta: Mokotowska namba 17, Warsaw. Sikieni vizuri, ndugu. Kiwango kinachotumika nchi kwa nchi kimebeba namba ya nyumba. Kijacho kinaweza kubeba namba ya nyumba ya Kariakoo.

Tunakataa, vilevile, manung'uniko ya wanaosema kompyuta imeua redio. FT8, njia ya kompyuta kutumiana ujumbe mfupi kwa redio, ilitolewa mwaka 2017 na Steve Franke pamoja na Joe Taylor, yule aliyeshiriki Nobel ya fizikia ya 1993. Kwa zamu za sekunde 15 na upana wa hertz 50 tu, inapenya mahali ambapo sikio halisikii chochote ila mvumo. Ni kweli mazungumzo yake ni salamu, nguvu ya ishara na kwaheri, na wengine wetu yanatuchosha. Lakini msimbo wake uko wazi. Anayechoshwa nayo aandike nyingine.

Tunaamini kwamba anga ni letu kuliko tulivyowahi kuambiwa. Tangu Novemba 2018 iko juu yetu Es'hail-2, satelaiti ya Qatar, imetulia juu ya ikweta kwenye longitudo ya takriban nyuzi 26 mashariki, karibu kilomita 36,000 kutoka ardhini. Ndani yake mna mtambo wa redio za ridhaa uitwao QO-100, wa kwanza wa aina yake katika njia hiyo ya satelaiti zisizohama. Wewe unapandisha ishara kwa gigahertz 2.4, inashuka kwa gigahertz 10, na anayekusikia anaweza kuwa Brazili au Thailand. Tazameni ramani, mcheke! Ulaya Kaskazini wanaitafuta chini karibu na upeo wa macho, wakiomba jengo la jirani lisiwazibe. Kwa Dar es Salaam satelaiti iko juu sana. Bujumbura ungo unakaribia kulala chali. Na ungo wenyewe tunao: mapaa yetu yamejaa nyungo ambazo ving'amuzi vyake vilikufa zamani, na kichwa cha ungo huo huo kinaipokea gigahertz 10 kikisharekebishwa kidogo. Kipande kigumu ni cha kupandishia, na hicho ndicho tutakachojifunza kukilehemu pamoja.

Tunakataa kungojea kutengewa nafasi. Mwaka 1912 sheria ya Marekani iliwasukuma wanaridhaa kwenye mawimbi ya mita 200 kushuka chini, mahali ambapo wataalamu waliona hapafai kitu. Novemba 1923 wanaridhaa hao wakawasiliana na Ufaransa kuvuka Atlantiki kwenye mawimbi ya mita mia moja na ushei, na makampuni yakaja mbio kuyagombania. Jangwa walilopewa ndilo lililokuwa na maji.

Tunaamini katika miaka inayokuja, na tunaiona. Tunaiona redio ambayo haizeeki, kwa kuwa kila lugha mpya ya mawimbi inaingia kwa programu na siyo kwa kununua nyingine. Tunamwona mwanafunzi wa ufundi Mwanza akisoma mchoro wa saketi wenye maelezo ya Kiswahili, akikosoa mstari wa msimbo ulioandikwa Adelaide, na masahihisho yake yakipokelewa. Tunaiona mitambo ya sola vilimani inayoendelea kupeleka ujumbe siku minara ya simu ikinyamaza. Na tunaona jambo kubwa zaidi: visimbaji vya sasa, kama RADE ya FreeDV, havitungwi kwa kanuni peke yake, vinafunzwa kwa kusikilizishwa sauti za watu. Basi na visikilizishwe zetu. Visikie ng'ombe, ghala na dhambi vikiwa vichanga, vya Lamu na vya Goma, kabla havijakomaa na masikio ya wengine.

Tunazitaka mamlaka za mawasiliano ziiruhusu mitambo tunayounda wenyewe bila kutuona wahalifu, na mwombaji wa leseni aweze kujibu mtihani kwa Kiswahili popote lugha hii inapozungumzwa. Tunawataka wauzaji watuambie kabla ya kulipa kilichofungwa ni kipi. Sisi nasi tunajifunga: kila tutakachounda tutakitoa na mchoro wake, msimbo wake na makosa yake.

Wenye leseni, kila mmoja achukue kijana asiye nayo. Wenye kompyuta mbovu, leteni. Mafundi redio wa mtaani, leteni mikono yenu, tunawahitaji kuliko wahandisi. Na mwenye ungo uliokufa juu ya paa aushushe Jumamosi hii. Vipimo vya kuuelekeza tutavifanya wote.